Uzi Kwenye Shokapu

Mwanangu Mabula,

Barua hii utaikuta kwenye usukani, maana ningeiweka mezani ungeipita. Nakujua. Tangu asubuhi umefungua boneti mara nne, begi lako hujaligusa. Sasa umekwenda Shishiyu kumuaga bibi yako mzaa baba, na mimi nimefunga duka mchana kweupe, kitu ambacho huwa sifanyi mpaka pawe na msiba. Nimekaa nyuma ya kaunta na daftari lako la zamani la hesabu, naandika kwenye kurasa ulizoacha wazi. Ni nyingi, ulikuwa mvivu wa hesabu.

Habari za kula vizuri, kufua na kuchagua marafiki sitakuandikia. Nimeziimba miaka ishirini na moja, kama hazikuingia basi tena. Nina jambo moja tu na nimelibeba miaka kumi na mitatu. Kwa mdomo nimejaribu mara nyingi, lakini nikianza tu unanicheka, "Mama naye, biashara ya bushi na spea imempanda kichwani," halafu naghairi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kesho unakwenda Mwanza na gari la baba yako, kwenye gereji iliyokuajiri, na Jumamosi unaingia nalo mashindanoni. Mimi naogopa. Nimeliandika neno hilo lilivyo ili usije ukasema mama alizunguka mbuyu. Naogopa utakufa kama alivyokufa baba yako, kwa sababu ileile iliyomuua, na sababu hiyo huijui kwa kuwa mimi niliificha.

Ngoja nianze na gari lenyewe, maana ukubwani ulilijua likiwa limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Baba yako, Masanja, alilipata kwa injinia mmoja mzungu wa kiwanda cha kuchambua pamba, ambako yeye alikuwa fundi wa mashine. Mkataba wa mzungu ulipokwisha, gari likabaki. Milango miwili, jekundu, limelala chini mpaka kuku akitaka kupita uvunguni anainamisha kichwa. Baba yako akatoa ng'ombe sita. Ng'ombe sita, Mabula! Babu yako hakuongea naye msimu mzima. Alisema kijana mwenye akili huoa mke wa pili kwa ng'ombe hao, si kununua kitanda cha bati chenye magurudumu. Masanja akacheka, akalipa gari jina la Nzagamba, fahali, na nikiri kwamba mimi nililionea wivu kuliko ambavyo ningemwonea huyo mke wa pili.

Kila mwaka pamba ikishauzwa, wenye magari yao wa Mwanza, Shinyanga na huku kwetu walikutana kushindana kwenye barabara ya vumbi. Hawakuwa wataalamu. Mmoja alikuwa na duka la vitambaa, mwingine tabibu wa zahanati, mwingine mwalimu. Zawadi ilikuwa beberu na maneno ya kujitapa mwaka mzima. Baba yako alimleta huyo beberu nyumbani mara mbili.

Hakuwa na mwendo kuliko wenzake. Alichowazidi ni kusoma barabara, na alikuwa na njia yake. Alichukua uzi wa pamba, ule tunaosokota wenyewe kwa vidole, akaufunga kwenye chuma cha kati cha shokapu, kile kinachoingia na kutoka. Anaufunga palepale chuma kinapoingilia, unabana lakini unateleza. Anaendesha mpaka kwenye makorongo na kurudi. Kisha analala chini ya gari na kunyoosha vidole vyake kupima uzi umesukumwa umbali gani. Siku moja aliniita nilale naye pale chini, mimi na kitenge changu kipya.

"Unaona? Vidole vitatu. Vidole vitatu ni gari linalotembea," akaniambia. "Ukikuta upana wa ukucha, hilo haliitembei barabara, linairukia. Na gurudumu lililoko hewani halina breki wala usukani."

Nikamwambia kitenge changu kimeingia girisi. Hicho ndicho nilichojibu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wewe umekua ukidhani spea zilikuwepo siku zote. Zamani bushi, ile mipira ya kwenye maungio, baba yako alizichonga kwa tairi chakavu la trekta, na shokapu ikivuja aliifungua, akabadilisha mpira wa ndani na mafuta, akaifunga tena. Zile zilizokuja na gari alizifufua hivyo miaka mingi. Soko lilipofunguliwa, maboksi yakaanza kumiminika Mwanza kutoka kila nchi, na mimi nikauza mpunga wangu, nikafungua duka hili. Nilikuwa wa kwanza mtaa huu, tena mwanamke. Nilijiona, mwanangu. Nilitembea katikati ya barabara.

Lakini nilikuwa najua nini? Nilijua pamba. Baba yangu alikuwa utingo wa malori ya pamba, na kila msimu ukikaribia niliwaona mafundi wakiongeza bamba kwenye springi za nyuma ili lori lisikae chini likishapakiwa marobota. Kwetu gari zima ni lile lililoinua makalio. Ukiliona limelala, unasema hilo limechoka. Mpaka leo mteja akiingia hapa na kigari cha kubebea mchicha anataka aongezewe bamba. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi mwaka ule nikaleta shokapu za njano, ngumu, ukizikandamiza kwa mikono miwili hazishuki. Muuzaji aliniambia ni za mizigo mizito, na mimi nikaona hapo ndipo ubora wenyewe ulipo. Nikamwambia baba yako afunge hizo kwenye Nzagamba kabla ya mashindano, na nyuma aongeze mabamba mawili ya pikapu. Watu waone, duka lipate jina.

"Mama Mabula," akasema, "lori linaongezewa bamba kwa sababu litabeba pamba. Hili litabeba nini?"

"Litakubeba wewe na ubishi wako."

"Mimi na ubishi wangu hatufiki kilo mia."

Alifanya utani ili niache. Sikuacha. Nilinuna siku mbili nzima, chakula nakitua mezani kwa kishindo. Siku ya tatu alikuja dukani kuchukua mafuta ya breki, na wateja walikuwa wamejaa, nikapaza sauti: "Oneni fundi huyu! Mke wake anauza shokapu mpya, yeye anafunga zinazovuja. Mwanaume mzima anaogopa kitu kipya!" Watu wakacheka sana. Yeye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaweka mafuta kwapani, akatoka.

Jioni ile alizifunga. Shokapu zote nne za njano na mabamba mawili nyuma. Nilisimama pembeni nimeshika kiuno, nikasema, "Umeona sasa? Limesimama kama gari." Alikuwa amelala chini na sikuona uso wake. Akasema tu, "Haya, mke wangu."

Mashindano yalielekea Mwandoya. Ile kona iliyo kabla ya daraja, unaijua, siku zote imejaa vijituta vya kukatisha barabara, vimejipanga kama matuta ya viazi. Waliokuwa pale walisema Nzagamba lilifika vizuri, likaanza kudundadunda nyuma, halafu likaenda upande kama limesukumwa na mtu. Likapinduka korongoni. Baba yako alikata roho kabla hajafikishwa hospitali.

Mimi nilifika kule alasiri. Mwili ulishaondolewa, kiatu chake kimoja hakikuonekana, nikasema sitarudi bila hicho kiatu. Nikatambaa mpaka chini ya gari lililolala ubavu. Kiatu sikukipata. Nilichokuta ni uzi. Alikuwa ameufunga kama kawaida yake, kwenye shokapu ya nyuma, upande wa kushoto. Kutoka hapa kwetu Bariadi mpaka pale, mashimo yote yale, uzi ulikuwa umesogea upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Niliukata kwa meno. Nikaufunga kwenye pindo la kitenge, nikatoka, nikawaambia watu nimekosa kiatu.

Sasa inakuja sehemu ambayo hutanisamehe, nami sikuombi unisamehe leo.

Msibani watu waliuliza sababu. Masanja dereva mzuri, barabara anaijua, pombe hanywi, kwa nini? Bibi yako wa Shishiyu alikuwa amechanganyikiwa na uchungu, akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia mwanawe amerogwa na mwanamke mzee, jirani, aliyekatiza mbele ya gari asubuhi ile. Na kweli Bibi Holo alikuwa amekatiza. Alikuwa anakuja kwangu kuomba chumvi! Mzee wa watu, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Wewe mwenyewe alikubeba mgongoni nilipokuwa nalima.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na uzi uko kwenye pindo langu. Neno moja tu lilitakiwa: si Holo, ni shokapu nilizomlazimisha. Sikulisema. Ningelisema, ukoo wangenifukuza mimi, na wewe wangekuchukua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu pia, juu ya hofu.

Wakachoma paa la nyumba yake. Alitoka na kibuyu cha maziwa na kuku mmoja, vijana wanamfuata wakimrushia mawe. Wewe ulikuwa na miaka minane, umesimama mlangoni mwetu. Nilikuona unaokota jiwe. Nilikuona unalirusha, na lilimpata kwenye kisigino. Sikukuzuia, Mabula. Ulinigeukia uone kama nimefurahi.

Jiwe lile si lako. Nililiweka mkononi mwako kwa kunyamaza. Kama hukumbuki, nisamehe kwa kukukumbusha, ila nadhani unakumbuka, maana ukiwa mdogo ulikuwa ukikataa kupita njia ya kwake hata alipokuwa hayupo.

Tangu hapo nimeuza spea miaka kumi na mitatu na nimejifunza kwa kuchelewa. Kila fundi mwenye akili aliyeingia hapa nilimkalisha kwenye kreti ya soda, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Wote waliniambia aliyoniambia Masanja bure nikiwa nalalamikia kitenge. Kwamba unaanza na bushi na mipira kabla ya kugusa kitu kingine, maana gari linalolegea kwenye bushi hata uliwekee nini litakudanganya. Kwamba springi unaipima kwa uzito wa gari lako wewe na kwa barabara yako wewe. Kwamba shokapu inatakiwa ishuke ukiikandamiza, na ipande taratibu. Shokapu za njano sijauza tena. Mteja aking'ang'ania bamba lisilohitajika namwambia limekwisha, hata kama amelikalia. Watu husema Mama Mabula mkorofi, anafukuza pesa. Waseme.

Ni wewe tu ambaye sikukufundisha. Nilidhani nikinyamaza utachoka na magari. Badala yake ulilifunua turubai ukiwa na miaka kumi na sita, ukaninyooshea mkono nikutafutie mkanda wa feni, na ulikuwa umesimama vilevile kama yeye. Ningekunyima vipi?

Wiki iliyopita ulirudi kutoka Mwanza na shokapu nyekundu. Za mashindano, ukasema. Ukazikandamiza mbele yangu, hazikushuka, ukacheka kwa furaha. Kisha ukaongeza bamba nyuma. Nikasema, "Mwanangu, si gumu hilo?" Ukanijibu, "Mama, gari la mashindano lazima liwe gumu, kila mtu anajua." Nililazimika kuingia ndani. Ulikuwa na sauti yangu, ile niliyotumia dukani siku ile.

Na chini ya kiti nimeiona hirizi aliyokupa bibi yako, imefungwa kitambaa cheusi, ya kukukinga na watu wa aina ya Holo. Sikuitoa. Lakini hiyo ndiyo iliyonipeleka Kiloleli juzi, ulipodhani nimefuata mzigo wa bushi.

Bibi Holo yuko kwa binti yake, haoni tena. Nilimsalimu, akauliza habari, tukajibizana "mhola, mhola" mpaka salamu zikaisha zote na mimi bado sijafungua mdomo. Halafu nikasema yote. Nilimwekea uzi kiganjani. Aliupapasa kwa muda.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema.

Nikashtuka, nikamuuliza alijuaje habari za shokapu.

"Shokapu siijui. Nilijua sikuua. Mtu atakosaje kujua kama ameua au hakuua?" Akanirudishia uzi. "Yule mtoto bado anaamini?"

"Bado."

"Basi usinipe kitu. Kamwambie."

Nililia mpaka binti yake akaja kuangalia kuna nini. Holo hakunikataza kulia wala hakunibembeleza. Nilipoaga, akasema wabeja, asante kwa kuja, akageukia ukuta.

Ndiyo maana naandika. Na asubuhi, ulipokuwa unaoga, nimefanya kitu kingine. Nimelala chini ya gari, mama mzima na mgongo wangu huu, nimefunga uzi kwenye shokapu yako ya nyuma, upande wa kushoto. Uzi uleule. Barabara ya Shishiyu ina matuta ya kutosha kwenda na kurudi. Ukisogea vidole vitatu, nitaichana barua hii upande wa shokapu, nitabakiza ya Holo tu, na kesho nitakupungia mkono kama mama wengine.

Nasikia muungurumo wako kwenye kona ya mashine ya kusaga. Naacha kalamu kwanza.

*

Umeingia, umenisalimia, umesema bibi amekupa karanga, umekwenda kuoga. Nimechukua tochi.

Ni ukucha.

Nimelala pale chini mpaka nimesikia unamwaga maji. Nimeangalia mara ya pili, nikapima kwa kidole changu kidogo kama alivyokuwa akipima yeye. Ni ukucha, Mabula, wala hata haujatimia. Vumbi limejaa kila mahali, na hicho chuma kinang'aa kama kilivyotoka kwenye boksi.

Sitakuzuia kwenda. Masanja nilimshinda kwa kelele, na wewe sitaki nikushinde kwa machozi, ukafunga ninachotaka mimi ili ninyamaze. Baba yako alikufa akiwa amenitii. Usinitii. Kainame uone kwa macho yako.

Nyuma ya kiti kuna gunia la pamba. Ndani yake zipo shokapu zilizokuja na gari. Alizitoa jioni ile, akazifunga kwenye gunia, nimezilalia uvunguni mwa kitanda miaka yote. Mwezi uliopita nilizipeleka kwa fundi, amebadilisha mipira na mafuta. Kandamiza, utaona zinavyoshuka na kupanda. Bamba la nyuma ni kulitoa tu.

Kesho utapita Kiloleli, hakuna njia nyingine. Nyumba ya binti yake iko baada ya soko, ina mlango wa bluu. Kusimama au kutosimama ni kwako. Hatakuona, ila anatambua hatua za watu.

Uzi safari hii sikuukata. Uko palepale ulipofika, upande wa kushoto. Spana namba kumi na saba nimeiweka juu ya gunia.

Mama yako